Tela la Fundi Komeo

Mume wangu hasemi anatengeneza nini mpaka kitu kiishe. Anasema mteja akiliona geti nusu ataanza kutoa maoni, na maoni ya mteja huharibu geti haraka kuliko kutu. Kwa hiyo siku ekseli ya gari bovu ilipoingia uani kwetu, imebebwa na wanaume wanne wanaohema, sikupewa maelezo yoyote. Nilikuwa dirishani kwenye cherehani, natia zipu kwenye gauni la mtu. Nikauliza, "Hiyo nini?" Akajibu, "Ekseli." Hilo hata mimi nilikuwa naliona.

Watu wanamwita Fundi Komeo. Kwa miaka thelathini na moja ametengeneza mageti, milango ya chuma na nondo za madirisha, na kila mlango unaotoka mikononi mwake una makomeo matatu: juu, katikati na chini. Mteja akiomba moja atapewa matatu. Akilalamika ataambiwa kwamba mwizi ndiye anayepaswa kulalamika. Kufunga vitu kumemwingia damuni. Hata chupa ya mafuta ya kula akiifunga yeye, mimi huita jirani anisaidie kuifungua.

Nilimpata kwa sababu ya cheche. Alikuwa kijana, anachomelea nondo kwenye jengo lililokuwa mkabala na duka nililojifunzia ushonaji, akaniletea suruali yenye matobo kumi na manne. Niliyahesabu kwa sauti mbele ya wateja ili aone haya. Hakuona. Wiki iliyofuata akaleta nyingine yenye matobo ishirini na moja, na mpaka leo nashikilia kwamba mengine aliyachoma kwa makusudi. Tumeoana miaka ishirini na saba. Mtoto wa kiume yuko mbali kikazi, wa kike ameolewa, na nyumba tumebaki wawili, kila mtu na mashine yake. Yangu inasema taratibu, yake inasikika mtaa wa tatu.

Jambo moja lazima ulijue kuhusu mtu huyu: halali nje ya nyumba yake. Harusi ya binti yetu ilikuwa mwendo wa saa tano kwa gari. Alikwenda, akala, akacheza kidogo kwa aibu, akarudi siku ileile na nguo zake za sherehe. Dada yake alipougua alimtembelea mara tatu, na mara zote tatu aligeuza siku ileile. "Godoro la mtu lina mabonde yake," husema. Sasa mtu wa namna hiyo, ana miaka hamsini na sita, anaanza kujenga nyumba ya magurudumu ya kulala porini. Wewe mwenye akili timamu ungefikiri nini?

Mimi sikufikiri chochote, kwa sababu mwanzoni sikujua kwamba ni nyumba. Niliona chuma kinazaa chuma. Kwanza fremu ndefu yenye pua ya pembetatu mbele. Kisha springi nne zilizotolewa kwenye pikapu iliyokufa, akazisugua kutu siku mbili nzima mpaka zikang'aa. Kisha matairi, ya ukubwa uleule wa pikapu yake ya kubebea mageti. Kisha sanduku refu la chuma na bati, kimo cha mtu kuinama, lenye mlango ubavuni. Wapita njia walisimama getini na kubishana. Mmoja alisema ni banda la kuku, mwingine akasema kuku gani wanaosafiri. Muuza chakula wa kona alikuja kwa adabu zote kuuliza kama kibanda chake kitakuwa tayari lini, maana aliota anauziwa yeye. Mama mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi aliliangalia, akainamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Nilicheka, nikaichukua sketi yake. Wateja wa mageti nao wakawa wanakuja kwangu, kana kwamba mimi ndiye karani. Nikawa nawaambia fundi ana kazi maalumu. Maalumu kwa ajili ya nani, sikujua kushoto wala kulia.

Aliyenifumbua macho ni Spana, fundi gari wa mtaa wa pili, ambaye jina hilo alilipata kwa sababu hata kwenye mazishi huwa na spana mfukoni. Alikuja kuangalia breki, nikampelekea maji ya kunywa.

"Shemeji, hili likiisha litakuwa tamu," akasema. "Unalala humo, unapika nyuma, maji yako chini, taa ya jua juu. Unaingia nalo mawe, mchanga, popote."

"Kulala nani?" nikauliza.

Spana aliniangalia, kisha akaangalia maji yake. "Si tela la kambi? Alinionyesha picha kwenye simu tangu mwaka jana."

Nilijikaza nikasema, "Aa, hilo nalijua, nilidhani unasema lingine." Nikarudi ndani nikakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Spana alijua tangu mwaka jana. Mimi ninayeziba matobo ya suruali zake nilijua siku hiyo, tena kwa bahati ya glasi ya maji.

Ningeweza kumuuliza siku ileile. Binti yangu ananiambia hivyo kila nikimsimulia, na kuuliza si ujinga, nakubali. Lakini mimi nina tabia yangu. Mambo madogo nayagombea mpaka majirani wanapunguza redio wasikilize. Taulo kitandani, kikombe juu ya cherehani, matope ya buti sebuleni, hayo ninayo sauti. Jambo likiwa kubwa, sauti inakwenda zake na kuniacha. Basi nilinyamaza, naye akanyamaza, na kati yetu kukawa na grinda tu.

Siku ya kulijaribu ilikuwa kichekesho, na nilikihitaji. Fundi Komeo alikuwa amejenga kitu cha kutembea kwa akili ya mtu wa mageti. Vyuma vinene, mabati mazito, nondo kwenye madirisha mawili, na mlangoni, naam, makomeo matatu. Yeye na Spana wakalifunga nyuma ya pikapu, wakaelekea njia ya machimbo ya mawe, ambako barabara imebaki jina tu. Walirudi baada ya saa moja, mwendo wa maiti, pikapu imekalia matako na pua yake inatazama mawingu.

"Fundi," Spana akamwambia huku akishuka, "hili si tela. Ni jela yenye matairi."

"Ni imara," mume wangu akasema.

"Imara, labda livutwe na treni. Tumelipitisha kwenye mizani ya wauza chuma chakavu, Shemeji. Kilo elfu moja na mia tatu, na hata kijiko hakijaingia. Na hayo makomeo unamfungia nani? Mnyama gani huko porini anayejua kufungua mlango?"

Mume wangu alilizunguka tela lake mara mbili. Kesho yake akaanza kulikata. Alilikata wiki mbili, na kwa mtu aliyezoea kuongeza chuma, ilikuwa adhabu. Mabomba mazito yakatoka, yakaingia membamba ya mraba. Bati la sakafu likatoka, ikaingia plaiwudi iliyopakwa rangi ya kuzuia maji. Nondo za madirisha ziliondoka. Komeo la juu liliondoka, na la chini. Alikuja nayo jikoni, akayaweka mezani, akayatazama huku anakula. Pua ya tela akaitia kishikio kinachozunguka pande zote, ili tela likiinama kwenye shimo lisiinamishe na gari. Safari ya pili ya machimboni Spana alirudi anapiga honi. Alinisimulia jinsi lilivyopanda mawe na kushuka, likifuata pikapu kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani.

Siku hizo ndipo wifi yangu alipokuja, yule dada yake mkubwa wa kutembelewa na kugeuziwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akalitazama tela kupitia dirishani kama mtu anayesoma barua.

"Wifi, mdogo wangu anahamia wapi?"

"Hahami," nikasema. "Tunataka kwenda kutembea."

"Mnataka? Wewe na yeye?"

"Sasa niende na nani, wifi? Watoto wamekua. Tunatembea kidogo, tunaona nchi, tunarudi."

Uongo ukishapanda kiti cha mbele haushuki. Nilimwambia tutakaa wiki mbili kila safari. Nilimwambia nimeanza kushona mapazia. Wifi alifurahi sana, akaenda akawaambia ndugu wote, na kabla jua halijazama binti yangu akanipigia simu kunipongeza. Nikapokea pongezi. Ilipofika jioni mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuuamini uongo wangu, nimefungua sanduku la vitambaa natafuta cha mapazia.

Siku tatu baadaye mume wangu alisimama mlangoni kwenye chumba cha cherehani, kofia mkononi.

"Mama, nataka kava la godoro. La kitambaa kigumu, lisilopitisha vumbi."

"Vipimo?"

"Urefu futi sita na inchi mbili. Upana futi mbili na nusu."

Nikaandika. Mimi nimepima vitanda na watu maisha yangu yote. Futi mbili na nusu ni mtu mmoja, tena asiyegeuka ovyo. Nilisubiri aongeze neno. Akavaa kofia yake akatoka.

Nilitafuta pa kujishikiza. Nikakumbuka kwamba kwenye kazi yake, geti la pande mbili yeye hupima upande mmoja tu. Ameshaniletea vipimo vya namna hiyo mara nyingi, nimwandikie kwenye daftari lake kwa kuwa mwandiko wake hausomeki: upande mmoja, basi, wa pili ni pacha wake. Fundi yeyote wa mageti ataelewa. Labda na kitanda ni vivyo hivyo, nikajiambia, labda amepima upande wa ukutani na wa pili unafuata. Nilishika wazo hilo kama mtu anayeshika kamba ya ndoo.

Alipokwenda kununua misumari ya bati nilitoka uani, nikafungua komeo moja lililobaki, nikaingia ndani ya tela kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na harufu ya rangi na mbao. Ni kazi nzuri, siwezi kumnyima. Kila pembe imelainishwa, mipira ya kuzuia vumbi imebandikwa kila mlango, nyuma kuna ubao unaoshuka ukawa meza ya kupikia, chini yake kijibomba cha maji kutoka kwenye tangi la lita sitini. Kitanda kilikuwa upande wa kushoto, kimechomelewa ukutani. Upande wa kulia kulikuwa na kabati kutoka sakafuni hadi darini, halina hata nafasi ya kuweka mto. Ndoano ya koti ilikuwa moja. Kiti cha kukunja kilikuwa kimoja. Sehemu ya viatu alikuwa ameikata kwa kipimo cha buti zake, jozi moja. Nilikaa kwenye mbao za kile kitanda, magoti yangu yakagusa kabati, nikaelewa kwamba mume wangu anaondoka, na kwamba mimi simo.

Niliumia. Nasema wazi ili nisieleweke vibaya, maana baadaye nilijifanya sikuumia. Nilimpigia binti yangu simu.

"Mama, si umuulize anakwenda na nani?"

"Na nani? Unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu. Nasema umuulize tu."

Nikakata simu, na kwa nusu siku nikawa na wazo jipya la kunitafuna. Lakini hata mwanamke mwingine angehitaji mahali pa kulala, na futi mbili na nusu hazitoshi watu wawili, wa pili awe yeye au mimi. Hilo lilinipa ahueni ya ajabu. Kisha ahueni ikaisha, kwa sababu mtu anayekuacha kwa ajili ya mtu unaweza kumgombeza huyo mtu. Mtu anayekuacha kwa ajili ya mawe na mchanga, utamgombeza nani?

Basi nilishona. Nilichukua turubai laini la rangi ya chai nililokuwa nimemwekea mteja, nikamwambia mteja limeisha. Nilishona mishono miwili miwili kila upande. Zipu niliificha ndani ya mkunjo isimkwaruze miguu. Pembeni nikazungusha utepe wa bluu, na pembe zote nne nikazipiga pasi mpaka zikasimama. Siku mbili nilizimaliza kwenye kava moja, kazi ambayo kwa mtu mwingine ni saa tatu. Ukiniuliza kwa nini, nilikuwa nataka huko aendako, kila akilala, ajue amemwacha fundi wa namna gani. Hiyo ndiyo kanuni yangu na hasira: nikikasirika kidogo nashona vibaya, nikikasirika sana nashona vizuri.

Nikampa limekunjwa. Alilifungua lote, akalishika juu kama shuka inayoanikwa, akapitisha kidole gumba kwenye utepe kuanzia pembe hii hadi ile.

"Asante," akasema.

"Haya," nikasema.

Siku mbili hakugusa tela. Alikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachonga na kuchonga kipande cha chuma kisichokuwa cha kazi yoyote. Siku ya tatu grinda ikaanza kulia upya, ndani ya tela, na mbao zikawa zinatoka na kuingia. Mimi nilikuwa nimeapa kutolitazama tena lile dude. Nilisogeza cherehani, nikakaa nimeupa mgongo ua. Mchana nilikuwa nashona, jioni tunakula, tunaulizana kama chumvi imetosha. Wifi alinipigia kuuliza mapazia yamefikia wapi. Nikasema yanakwenda vizuri.

Jumapili asubuhi akaja mlangoni, amenawa, amevaa shati safi. "Njoo uone," akasema.

Hilo ndilo neno analowaambia wateja kazi ikiisha. Huwapa ufunguo, hujitenga hatua tatu, hunyamaza. Kwangu hakuwahi kulisema, kwa sababu sijawahi kuwa mteja. Nilimfuata nikiwa na nia ya kulisifu na kumtakia safari njema. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Alhamisi.

Akanionyesha meza ya nyuma, akawasha jiko la gesi na kulizima. Akanifungulia maji. Akawasha taa, ingawa kulikuwa na jua. Kisha akafungua mlango wa ubavuni, akaingia nusu, akavuta kitu. Kutoka chini ya kitanda ubao mwingine ukainuka, ukageuka kwenye bawaba, ukalala juu ya kabati. Kabati sasa lilikuwa fupi, limeishia magotini. Kitanda kilijaa upana wa tela, ukuta hadi ukuta. Lile kava langu lilikuwa upande wa kushoto, na upande wa kulia ulikuwa mbao tupu.

"Nilipima upande mmoja," akasema bila kunitazama. "Unanijua. Kama geti."

Mungu ananiona, nilitaka kuamini. Kila kitu kingekuwa kimekaa sawa: wifi, mapazia, pongezi, mimi mpumbavu niliyesahau kazi ya mume wangu. Nilifungua mdomo nicheke. Lakini macho ya fundi hayapumziki hata mwenye nayo akitaka. Bawaba za upande wa kulia zilikuwa za aina nyingine, ndogo, za milango ya ndani. Mahali pa kuchomelea palikuwa bado pa kijivu, hapajapakwa rangi. Ukutani, pale kabati lilipokuwa limesimama hadi darini, rangi ilikuwa na mstari. Mimi nimepokea magauni mengi yaliyoongezwa kiuno na watu wakaapa kwamba yalikatwa hivyo tangu mwanzo.

"Hii uliiongeza lini?" nikauliza.

"Nini?"

"Huu upande."

"Si nimekwambia nilipima..."

"Baba, mimi ni fundi nguo. Kitu kilichoongezwa nakijua."

Akakaa kwenye kizingiti cha tela, mgongo kwangu, akatazama uani.

"Ulipoleta lile kava," akasema.

"Lilikuwa na kasoro?"

"Halikuwa na kasoro yoyote. Ndiyo maana." Akajikuna shingo. "Mimi nilikuwa nangoja ugombe. Unanigombeza kwa taulo. Nimejenga nyumba nzima mbele ya dirisha lako, miezi mitano, hugombi. Nikasema labda hajali. Halafu ukaleta kitu kilichoshonwa vile. Hata la kitandani kwetu halina utepe. Nikasema, huyu ananiaga."

"Nani alikuwa anamuaga nani?"

"Sijui."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Sijui, Mama. Kweli sijui. Nilikuwa namfungia mwalimu mmoja mstaafu geti lake. Yeye ndani, mimi nje. Nikalifunga kulijaribu, makomeo yote, likakaa vizuri. Nikasimama pale nje sikumbuki nimesimama kwa muda gani. Nikatamani kwenda mahali pasipo na mlango. Nikaanza kutengeneza hili." Akaangalia ule mlango wa ubavuni, mpira wake, komeo lake. "Nikatia mlango."

"Na mimi?"

Nilijua kwamba akinidanganya nitajua, naye alijua kwamba nitajua.

"Sikukukataa," akasema. "Sikukufikiria. Hilo ndilo baya lenyewe. Nilikuwa napima kitanda, nikapima mimi. Nikaweka ndoano, nikaweka ya kwangu. Halikunijia kabisa kwamba kuna mtu mwingine, mpaka nimeshika lile kava."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nimemchosha, na majibu nilikuwa nayo, marefu. Hili halikuwamo. Miaka ishirini na saba, na mtu anapima kitanda kama kapera, si kwa chuki, kwa kusahau tu. Nilihisi kama kumpiga. Nilihisi pia, na hili sikulitarajia, kwamba na mimi sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimuuliza jambo nikangoja jibu lake. Nikiuliza, huwa nimeshika kitambaa, mguu uko kwenye pedeli.

Lakini sikumwambia hilo, hakulistahili siku hiyo. Nilimwambia aondoke kizingitini nipite. Nikapanda ndani, nikatoa futi ya kupimia shingoni, maana huwa siivui hata Jumapili, nikaupima ule upande mpya. Nikapima mara ya pili kwa kuwa sikuamini.

"Futi mbili kasoro inchi moja," nikasema.

"Hapo hapaongezeki. Tangi liko nyuma, gurudumu liko chini. Nimekata mpaka mwisho." Alikuwa amesimama nje, mikono haina pa kwenda. "Nitakutengenezea vizuri. Nitaweka sponji nene. Hutahisi."

"Mimi?"

Nikavua kandambili, nikalala upande wa kushoto, juu ya kava langu, kichwa penye dirisha. Nikanyoosha miguu na kugeuka ubavu huu na ule. Palitosha. Yeye akabaki ananitazama kutoka mlangoni, na usoni hakuwa amefahamu bado.

"Utakuja?" akauliza.

"Geuka," nikamwambia.

"Nini?"

"Geuka, nipe mgongo."

Akageuka. Nikainuka kwa magoti, nikamwekea futi kutoka bega la kulia hadi la kushoto, na nilikuwa sijampima mtu huyu tangu shati lake la harusi. Amepungua, sikuwa nimeona. Inchi kumi na tisa. Nikarudisha futi shingoni.

"Utaenea," nikasema. "Ila ulale ubavu."